Sauti za Wazee Zisiliwe na Vumbi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu Pwani daftari lilikuwako tangu kale: tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikawekwa sandukuni, na wajukuu wakazisoma. Lakini kwa ndugu zetu Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera, daftari la mashairi lilikuwa kifua cha mtu. Lugha yao ilipata hati rasmi mwaka 1972 tu, kule Somalia. Basi kanda ya kaseti, iliyozinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilipowafikia, ikawa ndiyo kitabu chao.

Wapenzi wa malumbano watauelewa utamu wake. Mwishoni mwa mwaka 1979, mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alianzisha mlolongo wa mashairi uitwao Deelley, akikemea ukabila. Sisi hushika vina. Wao hushika herufi moja ya mwanzo wa neno, irudiwe katika kila mstari, na katika Deelley herufi hiyo ni D. Wenziwe, Hadraawi miongoni mwao, wakamjibu. Majibu yakasafiri kwa kanda zilizonakiliwa mkono kwa mkono, pasipo idhini ya serikali ya Siad Barre. Mji wa Hargeisa ulipokabiliwa na mabomu mwaka 1988, kanda za redio zilifichwa, nyingine zikafukiwa ardhini.

Huku kwetu hatuzifukii. Twaziua kwa kuzisahau ndani ya gari.

Joto la mchana Garissa hupita nyuzi 35, na ndani ya gari lililofungwa vioo huzidi sana. Utepe ni plastiki isiyofika milimita 4 kwa upana, iliyopakwa oksidi ya chuma. Joto huukunja, na vumbi huukwaruza, sauti ikatoka pamoja na ule unga. Kwa hiyo kanda isiachwe juu ya dashibodi. Irudi katika kasha lake, mbali na sumaku ya spika. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni, asije mtoto akarekodi muziki juu ya sauti ya babu yake. Kanda ya dakika 120 ni nyembamba mno na hutafunwa upesi. Ya 60 hustahimili.

Mtambo nao una haki yake. Kichwa kinachosoma utepe na kigurudumu cha mpira visafishwe kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, kisha viachwe vikauke. Utepe ukitafunwa, usiuvute kwa hasira. Zima mtambo, uchomoe taratibu, uuzungushe kwa penseli.

Walioikimbilia CD, iliyoingia madukani mwaka 1982, walidhani wamefika bandari salama. La. Ifutwe kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Upande wenye maandishi ndio dhaifu, kwani tabaka la sauti li chini yake tu. Na CD iliyorekodiwa nyumbani hubeba rangi inayochujuka juani.

Usafi wote huo huchelewesha tu. Dawa ni kuzihamishia sauti kwenye kompyuta maadamu mtambo wa kuzisoma bado upo, na mtu wa kuitambua sauti bado yu hai. Andika jina la msemaji, mahali na mwaka. Huko Hargeisa, taasisi ya Redsea Cultural Foundation imekusanya maelfu ya kanda. Mwenye kanda ya mzee wake Wajir au Mandera naaanze na hiyo moja.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini sauti ya aliyekwisha zikwa haijengwi tena.