Kava ya Trampier: Ngori Imeisha, Sasa ni Kugawana

Cheki hiyo kava poa. Ngori imeisha kitambo. Kuna sanamu moja kubwa ya jini, imekaa chini, macho yake ni mawe ya bei, na magondi wawili wamepanda hadi kwa uso wanang'oa jicho moja. Huku chini wasee wengine wanabonga juu ya ramani. Mmoja anapangusa upanga. Mijusi wenye walikuwa wanalinda hiyo place wamelala, na hao hawaamki. Hakuna msee anapiga pozi. Hakuna mtu hata anakuangalia. Kila mtu ako bize na wera yake.

Hiyo ni Players Handbook ya 1978, kitabu ya sheria za wachezaji wa Advanced Dungeons & Dragons, na mchoro ni wa David Trampier. Wacha nikuambie mapema ndio usipoteze time: kwa kava zote za hizi gemu za kitambo, hii ndio noma kuliko zote. Ziko zenye zimechorwa fiti kuishinda, hiyo sibishi. Lakini zingine zinakuonyesha shujaa. Hii inakuonyesha hasla.

Ka D&D uliijua kwa Stranger Things, usishtuke, mayouth kibao waliingilia huko, kwa ile base ya kina Mike wakipiga nduru juu ya lile zimwi, Demogorgon. Gemu yenyewe haihitaji ubao, na mwisho hakuna mtu ameshinda. Msee mmoja anapiga stori: mko kwa mlango, huko ndani kunanuka vibaya, mnadu nini? Wengine wanasema venye wanafanya, dadu ya pande 20 inarushwa, stori inasonga. Basi. Kila kitu iko kwa akili. Ndio maana kava haikuwa tu urembo. Hapo ndio macho yako ilipata kuona hiyo dunia kabla uachwe ujichoree iliyobaki kwa kichwa.

Na walianza wakiwa wamesota, manze. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa boksi ya kwanza 1974, kopi 1,000, zikipangwa na mkono huko Lake Geneva, ka-town ka Wisconsin, Marekani. Ndani ya boksi kuna vijitabu tatu. TSR, kampuni ya kina Gygax, haikuwa na ganji ya kuita mchoraji mwenye jina, wakachukua mabeshte na wasee wa karibu wenye wanajua kushika kalamu. Mmoja ni Greg Bell. Sasa Greg alifanya kitu kila mtu amewahi kufanya kwa mtihani: alipiga mwakenya. Yule askari juu ya farasi kwa kava ya kijitabu kimoja cha hizo tatu, Men & Magic alitolewa kwa komiki ya Marvel, Strange Tales namba 167. Mkono ni ya Greg, lakini pozi ni ya wenyewe.

Ungedhani hiyo inaharibu stori. Zii. Hizo vijitabu zilikuwa zinakaa vitu mabeshte wameprinti usiku, na enyewe ndivyo ilikuwa. Ukiishika unaona hii kitu si ya wadosi wa mjini, ni ya watu wa mtaa, hata wewe unaweza chukua kalamu ukaongeza joka yako. Na wasee waliongeza. Hapo ndio nguvu ya D&D ilitoka, kama unaniuliza.

1976 ikatoka Eldritch Wizardry, na kava ya Deborah Larson: manzi ako uchi, amelazwa kwa madhabahu. Hiyo sitaitetea. Naitaja tu ju ndani ya hicho kitabu ndio Demogorgon alitokea kwa D&D, na ju ni mwanamke ndio aliichora, kitu wengi husahau wakianza kutupia wachoraji maneno.

Halafu akaja David Sutherland, na sura ya gemu ikashikana. 1977 peke yake alipiga kava mbili za maana. Ya kwanza ni ile boksi ya bluu ya wanaoanza: joka imekalia mali yake, mbele kuna mchawi na msee wa mshale, na unajua kabisa mmoja wao harudi home leo. Ya pili ni Monster Manual, kitabu ya kwanza ya kava ngumu ya Advanced. Hapo Sutherland alifanya kitu smati sana. Alikata ardhi katikati. Juu kuna jua, nyasi, joka jekundu angani, farasi wa pembe moja. Chini kuna mapango na vitu hutaki kukutana nazo. Peji moja, na ushaelewa gemu nzima: kuna dunia juu, kuna dunia chini, na wewe unatumwa chini. Mikono ya watu wake hukaa imeundwa na mbao, sawa, lakini fundi wa kuchora misuli ungempata popote. Wa kukuelezea gemu bila neno hata moja walikuwa wachache.

Dungeon Masters Guide ya 1979 ni yeye tena, na hapa wasee wa Pwani wataamka. Hilo jitu kubwa la pembe, ngozi ya moto, upanga mkono moja na dem amebanwa kwa ule mwingine, ni afriti. Geuza kitabu, kwa kava ya nyuma kuna Mji wa Shaba. Hizo zote mbili zimetoka kwa hadithi za Alfu Lela Ulela, zile zile zenye zimekuwa zikisomwa kwa Kiswahili tangu enzi za mkoloni. Nyanyako wa Old Town Mombasa angemtambua huyo jamaa kabla ya hao vijana wa Wisconsin, na angewaambia mtu hachezi na vitu kama hizo usiku.

Huko Marekani waliambiwa hivyo pia, lakini na kelele mob. Mathe mmoja wa Virginia, Patricia Pulling, alipoteza kijana wake 1982, akaamini gemu ndio ilimmaliza, na mwaka uliofuata akaunda kundi la kuipinga, BADD. Makanisa zikaingia, TV zikaingia. Tom Hanks, bado barobaro, akaigiza filamu ya kijana mwenye anachizi ju ya gemu kama hiyo. Msee mwenye hajawahi fungua kitabu angefanya nini? Angeangalia kava. Na kwa kava kuna afriti wa pembe amebeba dem. Kesi imeisha. Sisi hapa Kenya hatuwezi wacheka sana, ju 1994 Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani. Na hizo kelele za Marekani zilifika kwa gemu yenyewe: toleo la pili la Advanced lilipotoka 1989, majina ya mashetani zilikuwa zimefutwa kwa kitabu.

Lakini nimeruka Erol Otus, na Otus harukwi.

Huyu jamaa wa California alichora ka mtu mwenye ameota ndoto mbaya na ikambamba. Rangi zake hazina aibu: pinki ya kuwaka, kijani ya sumu, zambarau. Viumbe vyake vina vidole mob kuliko inavyofaa. Boksi ya Basic ya 1981 ni yake. Joka ya kijani inachomoka kwa maji, mbele kuna jamaa wa mkuki, na kando yake kuna manzi mchawi ako kazini, anarusha uchawi. Cheki hiyo vizuri. Miaka mbili nyuma dem kwa kava alikuwa amebanwa kwa ngumi ya afriti. Hapa dem anapiga wera, na ka hayuko fiti wote wanadedi. Otus hakutoa hotuba juu yake, alichora tu. Halafu mwaka huo huo akachora boksi ya Expert, ya bluu: mchawi mzee anatazama kwa duara ya uchawi, na ndani ya hiyo duara anaona nini? Ile ngori ya boksi ya kwanza, joka ya kijani na wale wasee wawili. Yaani ukinunua ya pili unapata mtu mwenye alikuwa anakutazama ukicheza ya kwanza. Hiyo ilinimaliza, bana.

1983 Larry Elmore akafunga hiyo mlango. Elmore ni msee wa Kentucky, fundi kamili, alikuwa amechorea jeshi huko Fort Knox kabla TSR wamchukue. Boksi nyekundu ni yake: joka jekundu imefungua mdomo, askari mmoja amekupa mgongo, upanga juu. Hiyo picha iliuza. 2010 wenye D&D walipotaka kuvuta tena wasee wa kitambo, walirudisha hiyo hiyo kava kwa boksi mpya. Magamba ya joka unaweza kuyahesabu. Siwezi sema ni mbaya, ningekuwa nadanganya. Lakini iulize swali: huyu askari ako na nani? Mabeshte wake wako wapi? Gemu yenye inachezwa na mbogi, kava inakuuzia msee mmoja.

Na hapo ndio Players Handbook ilipigwa. Mwaka huo huo, 1983, TSR waliamua vitabu zao zote zikae sura moja, wakampa Jeff Easley kazi. Kwa ya wachezaji sasa kuna mchawi mzee wa ndevu anapiga uchawi wake. Kwa Dungeon Masters Guide afriti akaenda, akaingia mtu wa joho anafungua milango mikubwa. Mistari ya Easley ni tamu, rangi zimetulia, nakubali. Lakini sheria za ndani ni zile zile, kitabu ni kile kile. Mtoto wa 1978 alifungua akijua anaenda kuiba jicho la sanamu na wasee wake, na labda wakosane wakati wa kugawana. Mtoto wa 1983 alifungua akidhani anaenda kuwa mtu mkubwa. Hizo ni gemu mbili tofauti na hakuna mtu alibadilisha sheria.

Trampier mwenyewe hakukaa aone mambo zikienda wapi. Kwa jarida la Dragon alikuwa na katuni yake, Wormy, joka wa kijani mwenye anapenda sigara na kucheza pool, ilianza 1977. Pia alisaidia kuunda Titan, gemu ya ubao ya 1980. Halafu 1988 Wormy ikakatika katikati ya stori. Hakuaga mtu. Cheki za malipo zilirudi bila kufunguliwa, na wasee wakaanza kusema amededi. Miaka 14 ikapita. 2002 gazeti la wanafunzi wa chuo huko Carbondale, Illinois, likatoa stori ya maisha ya madere wa teksi za usiku, na dere mmoja kwa hiyo stori ni David Trampier. Watu wakamtafuta na simu na mikataba. Hakutaka. Alikuja kulegeza kamba mwishoni tu, akakubali kazi zake zionyeshwe kwa mkutano wa gemu wa hapo hapo town, April 2014. Alidedi March, wiki chache kabla.

Hakuna mtu anadaiwa maelezo ya kwa nini aliacha. Huyo alichora kava ya wasee wenye wamemaliza job wanaenda zao, akamaliza job yake, akaenda zake. Wacha tumheshimu hapo.

Leo kopi za kwanza za hizo vitabu zinaenda na mkwanja mrefu, usijisumbue. PDF halali ziko mtandaoni na hazikumalizi mfuko. 2012 wenye D&D walitoa tena vitabu tatu za kwanza za Advanced kwa kava mpya za kifahari, doo zingine ziende kwa mnara wa kumkumbuka Gygax. Poa, lakini ukitafuta, uliza kabisa ni kava gani. Ka uko na mbogi ya kuchora, au mnataka kuanza gemu kwa keja ya mtu wikendi, itisha ya 1978. Weka hiyo picha kwa meza, uliza kila mtu yeye ni nani hapo ndani: wa ramani, wa upanga, ama wa kung'oa jicho. Gemu itaanza hapo hapo, hata kabla mtu asome sheria.