Wapemba wa Kenya na Swali la Kabila
(Sehemu ya pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi wavuvi wa Pemba walivyohamia pwani ya Kenya, wengine kabla ya uhuru, wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Leo tutazame jambo zito zaidi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Kenya. Wapemba hawakukipata Kiswahili darasani. Walikinyonya pamoja na maziwa ya mama. Hata hivyo wengi wao waliishi miongo mingi bila kipande, yaani kitambulisho, na asiye na kipande hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake, wala hapati leseni ya uvuvi asipopitia mgongo wa mtu mwingine. Serikali iliwatambua rasmi mwaka 2023. Watu wanaozungumza lugha ya taifa tangu utotoni walingoja miaka 60 ya uhuru ili taifa hilo liwatambue.

Kizuizi kilikuwa swali linaloulizwa kwenye dawati la usajili: kabila lako gani? Swali hilo lina asili yake. Mkoloni, kwa sheria ya 1915, aliwavisha wanaume wa Kiafrika vipande shingoni ndani ya vikasha vya bati, vikionyesha pamoja na mengine kabila la mwenyewe, ili kibarua akitoroka ajulikane wa kurudishwa wapi. Vile vikasha vya bati vilitoweka, swali likabaki. Kabla ya Wapemba, Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi Oktoba 2016, ndipo Rais akaamuru wapewe vitambulisho, nao wakaitwa kabila la 43. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa la 44. Nafuu waliyoipata Wamakonde ni ya kweli, na hakuna mwenye haki ya kuibeza. Lakini njia iliyotumika inatisha, kwa sababu haki ya mtoto aliyezaliwa Msambweni ilitegemea jina la kundi lake kuongezwa kwenye orodha ya makabila, na orodha yenyewe ikafunguliwa kwa utashi wa aliyeko Ikulu.

Wapo wanaojibu kwamba Kiswahili kinavuka mipaka, na kwamba tukikifanya ushahidi wa uraia, kila atokaye Tanga akapita Lungalunga atadai kitambulisho. Wana haki ya kuuliza, nami sipendekezi ulimi uwe hati ya kusafiria. Ila hoja hiyo inaliangusha kabila pia. Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Wamaasai wako Narok na wako Arusha. Kabila halijui mpaka zaidi ya lugha inavyoujua. Kinachobaki ni maisha yenyewe: mtu alizaliwa wapi, amekaa wapi, wazazi wake wamezikwa wapi. Sheria ya uraia ya 2011 iliigusa njia hiyo ilipowafungulia mlango wasio na utaifa waliokaa Kenya tangu 12 Desemba 1963, ingawa iliufungua kwa muda maalumu tu. Tanzania nayo, mwaka 2014, ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wenye asili ya Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao, bila kuwatafutia kwanza nafasi katika orodha ya makabila.

Wengine wanasema tukiacha kuuliza kabila, jamii ndogo zitapotea machoni pa serikali na kukosa mgao wao. Hofu hiyo naielewa, hasa kwa watu wachache kama Wapemba. Lakini kazi hiyo ni ya sensa, ambako jibu la mtu halimwondolei chochote. Karani wa vitambulisho ana kazi nyingine, na kwa kazi hiyo cheti cha kuzaliwa, au ushahidi wa majirani na mzee wa mtaa pale ambapo cheti hakuna, unatosha.