Tuhesabu Nyuzi, Tusihesabu Kelele

Katika zama zetu hizi sauti ya mwananchi haisikiki tena barazani na katika mikutano ya hadhara peke yake. Imehamia pia katika simu ya mkononi, na huko imejipatia bendera yake: alama ya reli, yaani ile # inayotangulizwa mbele ya neno ili wote wanaozungumzia jambo moja wakutane mahali pamoja. Matumizi hayo yalipendekezwa katika mtandao wa Twitter na Mmarekani Chris Messina, Agosti 23, 2007. Tangu hapo mavuguvugu mengi ya umma yameipandisha alama hiyo kuwa bendera. Swali linalotukabili ni hili: bendera inapopepea, tutajuaje kama chini yake wamesimama watu elfu, au yupo mtu mmoja mwenye mlingoti mrefu?

Aghalabu wakubwa hujibu swali hilo kwa kuhesabu. Huuliza ujumbe umeandikwa mara ngapi, kisha hutishika au hupuuza kwa kadiri ya hesabu waliyoletewa. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Mwenye kuhesabu kelele hukosea mara mbili: huwaogopa wachache waliokodiwa, na huwadharau wengi wenye dai la haki. Kinachofaa kuhesabiwa ni nyuzi zinazowaunganisha wasemaji.

Elimu hii si ngeni kama inavyodhaniwa. Mwaka 1954 mtaalamu wa elimu ya jamii, John Barnes, alichapisha uchunguzi wake juu ya Bremnes, parokia ya visiwani huko Norway ambayo watu wake waliishi kwa uvuvi. Alitaka kujua mambo yanakwendaje baina ya watu wasiokuwa na mkubwa mmoja juu yao. Akawafananisha watu na nukta, na udugu, urafiki na ujirani wao akaufananisha na mistari inayoziunganisha nukta hizo. Miaka michache baadaye A. L. Epstein alitumia njia kama hiyo huko Ndola, Zambia, katika nchi ya migodi ya shaba, akafuatilia jinsi umbea unavyopita kutoka mdomo hata mdomo.

Wavuvi wa Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, hawahitaji kufundishwa jambo hili mara mbili. Mvuvi hapimi jarife kwa uzito wake. Huutandaza wavu mchangani, akatazama mafundo, akatafuta palipokatika. Mchunguzi wa alama za reli hufanya vivyo hivyo. Hukusanya ujumbe wote wenye alama fulani. Kila akaunti huwa fundo. Na kila mtu anapomjibu mwenzake, anapomtaja au anapousambaza ujumbe wake, uzi hufungwa baina yao. Kisha wavu mzima huchorwa kwa msaada wa kompyuta, na maswali huanza. Ni fundo lipi limekusanya nyuzi nyingi? Watu wamejigawa makundi mangapi? Na ni nani daraja, yaani yule ambaye akiondoka makundi mawili hayatasikilizana tena? Mara nyingi daraja si mtu mashuhuri. Huenda akawa mwalimu au muuguzi mwenye wafuasi wachache, lakini anayeaminiwa pande zote mbili.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tunaitambua adabu ya kazi hii. Wanazuoni walioihakiki Hadithi hawakutosheka na kuuliza wangapi wanaisema. Walidai silsila ya wapokezi: nani kaipokea kwa nani, na mpokezi huyo ni mtu wa namna gani. Habari iliyokosa silsila haikusalimika kwa wingi wa wenye kuirudia.

Faida ya kazi hii ilionekana kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi Mei 2021 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliubatilisha mpango wa kubadili Katiba uliojulikana kwa jina la BBI. Pakazuka alama za reli za kuwashutumu majaji, kana kwamba taifa zima limeghadhibika. Watafiti Odanga Madung na Brian Obilo wakazifuata nyuzi, na mwezi Septemba mwaka huo taarifa yao ikatolewa na Mozilla Foundation. Walikuta kampeni 11 za upotoshaji, zenye ujumbe zaidi ya 23,000 kutoka akaunti zipatazo 3,700. Na walikuta vijana waliokuwa wakilipwa dola 10 hadi 15 ili wazipandishe alama hizo. Ghadhabu ile ilikuwa bidhaa ya kununuliwa.

Lakini asitokee mtu akasema kwamba kila kelele ya mtandaoni ni ya kukodiwa. Katika nchi hiyo hiyo, Juni 2024, vijana waliupinga Muswada wa Fedha kwa alama ya #RejectFinanceBill2024. Walisema vuguvugu lao halina kiongozi, halina kabila, wala halina chama. Wako waliofafanua vifungu vya muswada kwa lugha nyepesi, wako waliovitafsiri kwa lugha za makabila, wako waliochangishana fedha kwa simu. Ikafuata alama ya pili, #OccupyParliament. Ya kwanza ilipinga muswada. Ya pili iliwaita watu mahali. Mchunguzi anapoziona alama mbili za namna hiyo zikifungwa pamoja katika ujumbe mmoja, hujua kwamba hoja imeanza kutoka katika simu kwenda barabarani. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na Juni 26 Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia sahihi muswada huo. Kufikia Julai 1, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39. Hiyo ndiyo gharama ya sauti iliyochelewa kusikilizwa.

Pamoja na sifa zote hizo, kila wavu una macho yake, na wako samaki wanaopita. Wanawake wa Matemwe wanaoshuka pwani maji yanapotoka, wakafunga mwani kambani na kulalamikia bei ya mnunuzi, hawana alama ya reli. Malalamiko yao hayataonekana katika ramani yoyote ya kompyuta. Atakayedhani kwamba mtandao ndio umma mzima atakuwa amewafuta wao na wengi mfano wao. Kwa hiyo elimu hii haimwondolei kiongozi wajibu wa kukaa barazani. Humwongezea sikio la pili.

Tena kisu hiki kina makali pande mbili. Ramani ile ile inayoonyesha ni nani anayeaminiwa na watu inaweza kutumiwa kumsikiliza mtu huyo, na inaweza kutumiwa kumwandama. Anayelikata daraja kwa kudhani amelizima vuguvugu huwaacha watu katika makundi yasiyosikilizana, na hapo uvumi hushika hatamu. Hali kadhalika kuufunga mtandao wote. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchini mwetu kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo aliye nje haoni, na hata mwenye kutawala huwa amejifunga kitambaa machoni, maana hana tena uzi wa kumwonyesha ukweli na uzushi vimepita njia gani.

Yafaa basi elimu hii ifundishwe katika vyuo vyetu na katika vyumba vyetu vya habari, na matokeo yake yachapishwe wazi ili kila mwananchi ayapime. Kazi yenyewe inazidi kuwa ngumu, kwa kuwa tangu 2023 mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter, na sasa X, umewafungia watafiti mlango wa bure wa takwimu zake. Hiyo ni sababu ya kujizatiti, wala si ya kukata tamaa. Inapopandishwa bendera nyingine, tusikimbilie kuuliza imepigiwa kelele kiasi gani. Tuulize nani kaipokea kwa nani, kisha tuteremke mpaka pwani tukawaulize na wale ambao hawamo katika wavu.