Ndege na Kina cha Maji: Matembezi ya Asubuhi Igawa

Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya huvuka Mto Mbarali katika mji mdogo wa Igawa, ukingoni mwa bonde la Usangu. Hapo mtoni kina cha maji hupimwa. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei tulikwenda huko, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, tukiwa na darubini moja na daftari, ili tuone kama ndege nao waweza kuwa kipimo.

Tulianzia malishoni. Yangeyange walikuwa wakiwafuata ng'ombe hatua kwa hatua, wakidonoa panzi waliofurushwa na kwato. Hao hupata riziki yao hata mahali pakavu. Katika majaruba yaliyokuwa bado na maji alisimama kulasitara wa kijivu. Yeye huvua kwa kusimama, basi hawezi kuvua penye kina kinachozidi urefu wa miguu yake. Mtoni mdiria alijitupa majini, akaibuka na samaki mdomoni. Huyo huyaona mawindo yake kutoka juu, kwa hiyo maji machafu humnyima chakula. Mwari, ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, huvua akiogelea, naye huhitaji maji mapana yenye samaki wengi. Huyo hatukumwona.

Mara likapita wingu la kwelea kwelea. "Baba," akauliza binti yangu, "ndege wote hawa si dalili kwamba maji yapo tele?"

Nilimtaka apige hesabu. Kwelea mmoja aweza kula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Basi ndege milioni moja hula tani 10. Wingi wao watueleza habari za nafaka. Habari za maji hatuna budi kuzitafuta katika aina za ndege.

Habari hizo ni nzito. Maji ya Mbarali huingia Mto Ruaha Mkuu, ambao hupita katika kinamasi cha Ihefu. Mahali yatokeapo maji ya kinamasi hicho, pale Ng'iriama, pana mwamba ulio kama kizingiti cha mlango. Maji yakishuka chini ya kizingiti, mto hukatika, hata kama kinamasi chenyewe hakijakauka. Zamani Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu kiangazi cha 1993 umekuwa ukikatika mara kwa mara, na viboko kujazana katika madimbwi machache. Sababu kubwa ni maji yachepushwayo kwa mifereji wakati wa kiangazi. Mkulima wa mpunga anatulisha, wala si adui. Lakini mfereji uachwao wazi baada ya mavuno haumlishi mtu.

Shule zilizo karibu na mto zaweza kufanya uchunguzi huu. Chagueni njia moja na saa moja, mwende kila mwezi. Wagawanyeni ndege katika mafungu matatu: wa nchi kavu, wa maji ya kina kifupi, na wa maji ya kina kirefu. Baada ya miaka miwili linganisheni.

Tulipokuwa tukirudi, binti yangu alitaka kuufuta mstari wa mwari, kwa kuwa haukuwa na kitu. Nilimzuia. Akaandika: "Mwari: 0." Siku idadi hiyo itakapobadilika, tutajua tulianzia wapi.