Kambi ya Wapagazi Juu ya Meza

Kila siku maelfu ya watu hulitaja jina la Kariakoo bila kukumbuka kwamba lilikuwa jina la kikosi. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hili lilifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zikalilainisha jina hilo, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili iyo hiyo.

Kambi hiyo inaweza kujengwa upya, ikiwa ndogo kiasi cha kuenea juu ya meza ya kulia chakula, kwa mbao nyepesi, wembe na gundi. Kazi hii ni ya burudani, lakini ina somo ambalo mtumishi wa afya atalitambua mara moja.

Mchezo wa vita wa mezani una historia ndefu. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, ofisa wa jeshi la Prussia, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafunza maofisa wenzake. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars, akaufikisha mchezo kama huo sebuleni. Wachezaji husogeza sanamu ndogo za askari kwa kipimo cha rula, kisha hutupa dadu kuamua nani amepigwa. Katika kanuni nyingi askari huanguka kwa risasi, mzinga au singe, na si kwa sababu nyingine.

Kanuni hizo haziwezi kusimulia vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918. Katika nyika zenye mbung'o, farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa nagana, na magari hayakuwa na barabara za kutosha. Mzigo ukahamia kichwani mwa binadamu. Pande zote mbili, Wajerumani na Waingereza, zilitegemea wapagazi, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Kwa upande wa Waingereza, idadi ya wapagazi waliokufa inayotajwa mara nyingi ni takriban 95,000. Wengi wao hawakuuawa kwa silaha. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na utapiamlo. Watu waliozoea ndizi au mchele walipewa unga wa mahindi, na mara nyingi hawakuwa na muda, kuni wala vyungu vya kuupika ukaiva. Matumbo yakaharibika, mwili ukadhoofu, kisha maradhi mengine yakamaliza kazi.

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 katika Barabara ya Samora inaonyesha mwanajeshi mmoja mwenye bunduki na singe. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi, lakini umbo lao halipo. Nairobi, katika sanamu ya watu watatu, mmoja ni mpagazi. Anayejenga meza ya vita hapa Dar es Salaam anaweza kuanza kwa kuliziba pengo hilo.

Wajenzi wa vifani hivi hupenda balsa, mti wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini. Mbao zake ni nyepesi mno: nyingi zina uzito wa kilo 100 hadi 200 kwa mita moja ya ujazo, ilhali maji ya ujazo huo yana kilo 1,000. Hukatwa kwa wembe mkali, kwa kupitisha mara kadhaa bila kukandamiza, kwa maana wembe butu husaga nyuzi badala ya kuzikata. Asiyepata balsa asikate tamaa. Watoto wetu wamejenga magari kwa mabua tangu zamani, na moyo wa bua hukatika vizuri vilevile. Maboksi yanayotupwa nje ya maduka ya Kariakoo hutoa kuta nzuri.

Ikiwa sanamu zako zina kimo cha milimita 28 hivi, tumia uwiano wa 1 kwa 56. Banda la mita 12 kwa 5 litakuwa na sentimita 21 kwa 9. Nguzo ni njiti za kuchokolea meno. Makuti ni nyuzi za katani zilizokatwa fupifupi na kugandishwa safu juu ya safu, kuanzia chini kwenda juu. Ukuta wa udongo ni gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na mchanga laini. Kisha jenga vile ambavyo meza nyingi hazina: jiko lenye chungu kikubwa, pipa la maji yaliyochemshwa, na choo cha shimo kilicho mbali na maji.

Mjenzi naye ajilinde. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hususan kwa wanaolivuta kwa wingi kazini. Kwa hiyo piga msasa mahali penye hewa, vaa barakoa, na ufute meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Kata kuelekea upande usio na kidole. Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi, lioshe kwa maji safi na sabuni, na uulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda.

Sasa kanuni ya mchezo. Weka wapagazi 12. Kila baada ya mizunguko mitatu, tupa dadu kwa kila mpagazi. Kambi ikiwa na maji yaliyochemshwa, chakula kilichoiva na choo kilicho mbali, huugua yule tu aliyepata 1. Kila kimoja kinachokosekana huongeza namba moja, hata vikikosekana vyote huugua anayepata 1 hadi 4. Kwa wastani, kambi ya kwanza itapoteza wapagazi wawili. Ya pili, wanane. Kila mgonjwa huacha mzigo mmoja njiani, na askari walio mbele hukosa risasi ambazo mzigo huo ungewafikishia. Namba hizi ni za mchezo, si vipimo vya utafiti. Lakini mchezaji aliyeshindwa bila kufyatua risasi hata moja hahitaji mhadhara mrefu kuhusu kinga.

Mtumishi wa afya anaweza kuitumia meza hii kuwafunza wanafunzi au wagonjwa wanaosubiri zamu. Na akitoka nje, atawakuta wapagazi wa leo, wakisukuma mikokoteni na kubeba marobota katika mitaa iliyobeba jina la wenzao wa kale. Vita vimekwisha zaidi ya miaka mia moja, lakini maswali matatu ya kambi bado ni yale yale: wanakunywa maji gani, wanakula nini, na choo kiko wapi?