Kozi fupi za programu: ya kuuliza kabla ya kulipa ada

Kozi fupi ya kuandika programu za kompyuta huchukua kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja. Humwandaa mtu asiye na shahada aajiriwe kutengeneza tovuti na programu za simu, au kuchambua data. Mtindo huu ulitokea Marekani. Dev Bootcamp, mojawapo ya shule za mwanzo, ilifunguliwa San Francisco mwaka 2012 na ikafungwa 2017. Afrika Mashariki uliota mizizi Nairobi, ambako Moringa School ilianzishwa mwaka 2014.

Kijana anayeishi Mbweni, pembezoni mwa Kinondoni jijini Dar es Salaam, ana njia kadhaa. Zipo shule za kulipia, nyingine zikifundisha kwa mtandao kutoka Nairobi. Ipo mipango yenye wafadhili kama ALX, iliyopata msaada wa Mastercard Foundation. Yapo pia masomo ya bure kabisa, kama freeCodeCamp na CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard. Nje ya kozi fupi, vyuo vya VETA, DIT na Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Kijitonyama vinabaki palepale.

Swali la kwanza ni cheti kinakwenda wapi. Chuo kilichosajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, hutoa cheti kinachotambulika katika maombi ya kazi serikalini. Kozi isiyosajiliwa humfaa mtu anayelenga kampuni binafsi au kazi za kujitegemea, ambako mwajiri hutazama zaidi kazi zilizokwisha kufanyika. Si kasoro, lakini mzazi anayelipa akidhani mwanawe ataomba nafasi kupitia Sekretarieti ya Ajira aelezwe mapema.

Swali zito zaidi linahusu ajira baada ya kozi, na hapo ndipo matangazo hupotosha. Shule ya Marekani ya BloomTech, iliyojulikana awali kama Lambda School, ilijitangaza kwamba kati ya asilimia 71 na 86 ya wanafunzi wake walipata kazi. Mwezi Aprili 2024 mamlaka ya nchi hiyo inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iliichukulia hatua, ikisema kwa baadhi ya makundi kiwango halisi kilishuka hadi asilimia 30. Shule hiyo pia iliwaambia wanafunzi kwamba mkataba wa kusoma kwanza na kukatwa mshahara baadaye haukuwa mkopo, na mamlaka ikasema ulikuwa mkopo. Mikataba ya aina hiyo imefika Afrika pia, hivyo isomwe neno kwa neno: makato yanaanzia mshahara gani, yanakoma lini, na nini kinatokea mtu akiacha kozi katikati.

Takwimu ya ajira haina maana mpaka ijulikane inahesabu nini. Je, walioacha njiani wamo? Mafunzo kwa vitendo yasiyo na malipo yanaitwa ajira? Njia ya uhakika ni kuwatafuta wahitimu wa mwaka uliopita, na si wale wawili au watatu ambao shule yenyewe imewachagua.

Hata mafunzo mazuri hayafuti ugumu wa kazi ya kwanza. Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014 ikiwafundisha vijana na kuwaunganisha na kampuni za nje, ilitangaza Septemba 2019 kwamba ingepunguza mamia ya wafanyakazi wa ngazi ya chini Nigeria, Kenya na Uganda. Wateja walitaka wenye uzoefu. Tangu hapo zimekuja zana za akili bandia zinazoandika programu nyepesi, na mlango wa wanaoanza umezidi kuwa mwembamba.

Kwa hiyo mtaala upimwe kwa soko la nyumbani. Watanzania wamelipana kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008, na malipo ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu. Shule binafsi za Tegeta, maduka ya dawa na wenye nyumba za kupangisha wanahitaji mifumo ya kupokea malipo na kutoa risiti. Kozi inayomaliza miezi sita bila mwanafunzi kuunganisha mfumo mmoja na malipo ya simu imempotezea muda, hata kama lugha inayofundishwa ni ya kisasa kiasi gani.

Gharama nayo si ada peke yake. Kutoka Mbweni hadi Kijitonyama ni kupanda daladala zaidi ya moja na kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Darasa la jioni humfikisha mtu nyumbani usiku mwingi. Darasa la kutwa nalo humnyima kibarua. Anayesoma kwa mtandao huokoa nauli, ila anahitaji bando la kila siku, laptopu isiyokwama, na mahali pa kukimbilia umeme ukikatika.

Anayesitasita aanze na CS50 au freeCodeCamp kwa wiki sita, bila kulipa shilingi. Akiona kazi yenyewe inamchosha, atakuwa ameokoa ada. Akiipenda, aombe kukaa darasani siku moja katika kila shule anayoifikiria, na ile itakayomkatalia aiondoe kwenye orodha.