"Give up": Kuacha ao Kukata Tamaa?



Huku kwetu kwenye migodi, vijana wengi wanatafuta kujua Kingereza. Si ajabu: ukivuka mpaka kule Kasumbalesa, Kifaransa kinabaki nyuma yako. Lakini Kingereza kina maneno madogo yenye mitego. Leo tuangalie moja: "give up".

"Give" ni kutoa, "up" ni juu. Ukiunganisha, unapata "kutoa juu", na hiyo haina maana. Maneno haya yakishikana, yanazaa neno lingine kabisa.

Siku moja kijana wa kwaya yetu alizungumza na mugeni kutoka Zambia. Alitaka kumueleza furaha ya nyumba yao: baba yake ameacha lutuku. Akasema: "My father gave up." Mugeni akainamisha kichwa, akamupa pole. Kijana akanikimbilia: "Baba Mchungaji, mbona ananipa pole? Si habari njema?"

Kumbe mugeni alisikia kwamba baba amekata tamaa, ameshindwa na maisha! "Give up" ikisimama peke yake, maana yake njo ile. Kijana alipaswa kusema: "My father gave up drinking."

Basi mushike mambo matatu.

La kwanza: mutaje kitu chenye kuachwa. "He gave up his job", aliacha kazi yake. "Give up your seat", umuachie mwingine kiti, kama mama muzee ndani ya basi. Lakini "don't give up", bila kitu, ni usikate tamaa.

La pili: kitendo kikifuata, kinaongezwa "-ing". Tunasema "give up smoking", hapana "give up to smoke". Kifaransa chetu kinatudanganya hapo.

La tatu: "it" na "them" vinakaa katikati. "Give it up" ni sawa. "Give up it" ni kosa.

Katika Biblia ya Kingereza ya 1611, hata kukata roho kunasemwa kwa neno hili: "give up the ghost". Leo watu wanasema hivyo kwa kuchekesha, hata juu ya motere ya gari yenye kufa njiani.

Yule baba, tulipomueleza habari hii, alicheka sana. Kisha akanyamaza. Akasema: "Lakini mugeni hakukosea sana. Mara mbili nilijaribu kuacha lutuku, mara mbili nikakata tamaa. Ni mara ya tatu njo niliweza."

Wazazi na vijana, leo jioni mukae pamoja. Kila mutu ataje kitu kimoja anachotaka kuacha, akiseme kwa Kingereza: "I want to give up..." Musikomee hapo, mutaje kitu chenyewe. Halafu wengine wote wamujibu kwa sauti moja: "Don't give up!"